Ndaye Mulamba, Mfungaji wa Mabao Tisa

Muhula huu timu yetu ya shule ilikwenda kucheza ugenini, ikafungwa mabao saba kwa bila. Sitaki kueleza sababu zake, maana nyingine ni zangu mimi niliyeipanga timu. Jambo lililonikera ni lile lililotokea jioni tuliporudi. Vijana waliobaki bwenini walitoka nje kutulaki, na badala ya kutupa pole wakaanza kuimba Zaire, Zaire, huku mmoja wao akikimbia mbele ya wenzake na kupiga teke hewani kama mtu abutuaye mpira. Wachezaji wetu waliinamisha vichwa wakaenda kuoga.

Siku ya pili nilimwita yule kijana nikamwuliza Zaire ni nini. Akanijibu kwamba ilikuwa timu ya Afrika iliyokwenda kwenye Kombe la Dunia zamani ikafungwa mabao tisa, na kwamba mchezaji wake mmoja hakujua hata sheria za mpira, kwani alichomoka katika ukuta akaubutua mpira wa adhabu wa Brazil kabla wenyewe hawajaupiga. Alikuwa ameitazama picha hiyo katika simu ya kaka yake wakati wa likizo, akacheka sana. Nikamwuliza kama amepata kusikia jina la Ndaye Mulamba. Hakulijua. Nikawauliza na wenzake, hakuna aliyelijua.

Mhariri wa gazeti hili alikuwa ameniomba habari za mwanamichezo mashuhuri aliyekwisha kufariki, nami nalikuwa nimeanza kuandika habari za Pelé. Nimeziweka kando. Habari za Pelé zapatikana kila mahali, lakini za Ndaye sharti mtu azitafute, ingawa nchi yake twaiona kwa macho yetu. Mtu akisimama ufukoni Katonga jioni baada ya mvua, wakati akina mama wanapokusanya dagaa walioanikwa na vijana wanapomalizia mpira wao mchangani, aiona milima ya Kongo imejipanga ng'ambo ya maji. Hiyo ndiyo nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1997.

Ndaye mwenyewe hakuzaliwa karibu na ziwa letu. Alizaliwa tarehe 4 Novemba, 1948, katika jimbo la Kasai, mji wa Luluabourg, ambao leo waitwa Kananga. Wakati huo nchi ilikuwa koloni la Ubelgiji. Jina lake la ubatizo lilikuwa Pierre, lakini mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu iliwaamuru raia waache majina ya kigeni, na kwa hiyo ulimwengu ulikuja kumjua kwa majina ya kwao, Ndaye Mulamba. Alicheza Kasai katika timu ya AS Bantous ya Mbuji-Mayi, mji wa almasi, kisha akachukuliwa na AS Vita Club ya Kinshasa, moja katika timu kubwa za makao makuu.

Washabiki walimpa jina la utani, wakamwita Mutumbula. Jina hili lataka maelezo kidogo. Zamani za Wabelgiji watu wa Kongo walikuwa na hofu ya watu waliosemekana kuwavizia wenzao usiku na kuwakamata, wasionekane tena. Hao ndio waliowaita batumbula. Wazee wetu huku walikuwa na hofu ya namna hiyo hiyo, wakawaita mumiani. Basi mtu aliyekuwa akiwatokea mabeki ghafula, na kabla hawajageuka wamekwisha kufungwa, alipewa jina hilo. Wengine walimwita Volvo, kwa nguvu zake.

Katika miaka ile kabumbu la Kongo lilikuwa juu sana. Timu ya Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo twaijua kwa jina la Mazembe, ilitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Mwaka huo huo wa 1968 timu ya taifa ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika huko Addis Ababa. Mwaka 1973 zamu ikawa ya Vita Club yake Ndaye. Katika fainali walikwenda Ghana kucheza na Asante Kotoko wakafungwa mabao manne kwa mawili. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Waliporudiana Kinshasa, Vita walishinda matatu kwa bila, wakalichukua kombe kwa jumla ya mabao matano kwa manne. Nawakumbusha wale wanaodhani kwamba jambo hili ni dogo: Simba yetu ya Dar es Salaam, katika mashindano hayo hayo mwaka uliofuata, ilifika nusu fainali, na mpaka leo wazee wanaisimulia nusu fainali hiyo kama vile wanavyosimulia vita.

Mwezi Desemba mwaka huo wa 1973 Zaire iliifunga Morocco mabao matatu kwa bila mjini Kinshasa, ikapata nafasi ya kwenda Ujerumani ya Magharibi kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1974. Siku zile Kombe la Dunia lilikuwa la timu kumi na sita tu, na Afrika nzima ilipewa nafasi moja. Misri ilikwisha kwenda mwaka 1934, na Morocco mwaka 1970, lakini hakuna nchi yoyote ya kusini ya jangwa la Sahara iliyopata kufika huko. Zaire ndiyo ya kwanza.

Lakini kabla ya Ujerumani kulikuwa na Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri, mwezi Machi 1974. Hapa naomba msomaji asiende haraka, kwa sababu hiki ndicho kipande cha habari ambacho wale vijana wa bwenini hawakukiona katika simu.

Timu zilikuwa nane, katika makundi mawili. Mwalimu wa Zaire alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia, ambaye zamani alikuwa mlinda mlango hodari, na ambaye ndiye aliyeipeleka Morocco Kombe la Dunia mwaka 1970. Mchezo wa kwanza Zaire ilicheza na Guinea ikashinda mawili kwa moja, na mabao yote mawili yalikuwa ya Ndaye. Mchezo wa pili walifungwa na ndugu zao wa Kongo Brazzaville mawili kwa moja, na Ndaye hakufunga. Mchezo wa tatu waliishinda Mauritius manne kwa moja, na moja katika hayo lilikuwa lake. Hata hapo alikuwa na mabao matatu. Mazuri, lakini si ya kuandikwa katika vitabu.

Nusu fainali ikawapeleka Cairo kucheza na Misri, wenyeji wenyewe, mbele ya watu wao. Kipindi cha kwanza hakijaisha, beki Mwepu Ilunga alijifunga mwenyewe. Likumbuke jina la Mwepu, litarudi. Kipindi cha pili kilipoanza Misri wakaongeza la pili. Mawili kwa bila, ugenini, uwanja mzima ukipiga kelele. Sasa, mimi nimefundisha mpira miaka mingi, nami najua timu nyingi hufa katika dakika ile ile ya bao la pili. Wachezaji hutazamana, kila mmoja hutafuta wa kumlaumu. Ndaye hakungoja watu watazamane. Dakika moja tu baada ya bao lile alifunga. Nahodha Kidumu Mantantu akasawazisha. Kisha, ikiwa imebaki kama robo ya mchezo, Ndaye akafunga la tatu. Zaire wakaingia fainali, na Wamisri wakarudi majumbani kwao kimya.

Fainali ilichezwa na Zambia tarehe 12 Machi. Zambia walikuwa timu ngumu, wakatangulia kufunga. Ndaye akasawazisha kipindi cha pili. Dakika tisini zikaisha moja kwa moja, ikaongezwa nusu saa. Zikiwa zimebaki dakika tatu tu, Ndaye akafunga tena, na hapo kila mtu aliona kombe limekwenda Kinshasa. Lakini Zambia hawakukubali. Katika dakika ya mwisho kabisa walisawazisha, ikawa mawili kwa mawili.

Siku hizo hakukuwa na desturi ya kumaliza fainali kwa mikwaju ya penalti. Iliamriwa warudiane baada ya siku mbili. Mtu aliyecheza dakika mia na ishirini, tena siku chache baada ya vita vya nusu fainali, angeweza kusamehewa kama angekuwa mchovu. Tarehe 14 Machi wakaingia uwanjani tena, safari hii watazamaji wakiwa wachache sana, maana Wamisri hawakuona sababu ya kuja. Ndaye alifunga bao moja kipindi cha kwanza, na jingine kipindi cha pili. Mawili kwa bila, na kombe likawa la Zaire.

Haya, wanafunzi wa hesabu na wajumlishe. Mawili kwa Guinea, moja kwa Mauritius, mawili kwa Misri, mawili kwa Zambia siku ya kwanza, na mawili siku ya marudiano. Jumla ni tisa, katika michezo sita. Kabla yake aliyekuwa ameweka rekodi ni Laurent Pokou wa Ivory Coast, aliyefunga manane mwaka 1970. Na tangu siku ile mpaka leo ninapoandika hakuna mtu aliyefunga mabao tisa katika mashindano mamoja ya Kombe la Mataifa ya Afrika, ijapokuwa siku hizi timu ni ishirini na nne na mwenye kufika mwisho hucheza michezo saba.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, wala siwezi kusema kwamba nayakumbuka. Lakini marehemu baba yangu, aliyekuwa mvuvi hapa Katonga, alikuwa na redio ya mkulima aliyoifunga kitambaa isiingie maji, na alipenda kusimulia jinsi kelele za ng'ambo zilivyosikika ndani yake, wavuvi wakiwa wameketi pamoja wakingoja giza liingie ili wawashe taa zao. Hawakuelewa Kifaransa. Walikuwa wakingoja neno moja tu, Ndaye, nalo likitamkwa kwa sauti ya juu walijua kuna bao. Baba alikuwa akiyahesabu kwa vidole, na mara nyingine, kwa kutia chumvi, alifika kumi.

Timu iliporudi Kinshasa ilipokewa kama jeshi lililoshinda. Rais Mobutu aliwazawadia wachezaji nyumba na magari. Alikuwa mtu wa kupenda fahari, na timu hii, ambayo yeye ndiye aliyetaka iitwe Chui, ilikuwa fahari yake. Lakini fahari hiyo ilikuwa na kamba. Wachezaji wa Zaire hawakuruhusiwa kwenda Ulaya kucheza kwa mshahara. Walikuwa mali ya taifa, na taifa lilikuwa la mtu mmoja. Mfungaji wa mabao tisa, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, wakati ambapo mchezaji huwa katika nguvu zake zote, alibaki akingoja kile atakachopewa.

Sasa nafika mwezi Juni wa mwaka huo huo.

Mchezo wa kwanza Ujerumani ulikuwa tarehe 14 mjini Dortmund, na Scotland. Zaire walifungwa mawili kwa bila. Sioni aibu yoyote hapo. Scotland walikuwa na akina Denis Law, Kenny Dalglish na Billy Bremner, watu waliojulikana ulimwengu mzima, na Zaire walicheza nao bila kuogopa. Kama mambo yangeendelea hivyo, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Baada ya mchezo ule wachezaji waliambiwa kwamba fedha walizoahidiwa hazitapatikana. Wakubwa waliofuatana nao safarini walikuwa wengi, na wachezaji waliamini kwamba fedha zimeishia mikononi mwao. Wakakataa kucheza. Baada ya mabishano marefu walishawishiwa kuingia uwanjani, na tarehe 18 Juni wakakutana na Yugoslavia huko Gelsenkirchen. Watu waliingia kuvaa jezi, lakini mioyo haikuingia. Katika dakika ishirini walikuwa wamekwisha kufungwa matatu. Hapo mwalimu akamtoa mlinda mlango Kazadi Mwamba, mtu hodari sana, akamwingiza Tubilandu, ambaye alikuwa mfupi. Na kazi yake ya kwanza ilikuwa ni kuutoa mpira wavuni, kwani mara moja likaingia la nne.

Wachezaji wa Zaire walimzunguka refa, raia wa Colombia, wakidai bao lile halikuwa halali. Katika msukosuko ule mtu mmoja alimpiga refa teke kwa nyuma. Refa akageuka, akatoa kadi nyekundu, akamwonyesha Ndaye Mulamba.

Ndaye hakuwa amempiga. Aliyepiga ni Mwepu Ilunga, naye baadaye alikiri waziwazi kwamba ni yeye. Siku ile Ndaye alijaribu kueleza, wenzake wakajaribu kueleza, refa hakusikia. Kadi ikiisha kutolewa imetolewa. Dakika ya ishirini na mbili mfungaji bora wa Afrika alitoka uwanjani kwa kosa la mwenziwe, na Zaire, wakiwa wamebaki kumi, walimaliza kipindi cha kwanza wamefungwa sita, na mchezo mzima tisa kwa bila.

Kwa hiyo nambari ni ile ile. Mwezi Machi tisa zilikuwa za Ndaye, na mwezi Juni tisa zikawa za Zaire. Mimi sijui kwa nini watu huchagua kukumbuka zile za Juni. Labda kwa sababu Kombe la Dunia lina picha nyingi zaidi. Labda kwa sababu ni rahisi kucheka.

Na ile picha ya mchezaji aliyechomoka ukutani? Hiyo ni ya mchezo wa tatu, tarehe 22 Juni, na Brazil. Ndaye hakuwamo, alikuwa amefungiwa. Kabla ya mchezo huo walinzi wa Mobutu walikuwa wamefika kambini kuwaonya wachezaji. Kwa maelezo aliyoyatoa Mwepu miaka mingi baadaye, waliambiwa kwamba wakifungwa mabao manne wasitumaini kurudi kwao salama. Brazil nao walihitaji kushinda matatu ili wasonge mbele. Brazil walipopewa mpira wa adhabu karibu na goli, mtu mmoja alitoka mbio akaubutua mpira mbali. Mtu huyo alikuwa Mwepu Ilunga, yule yule. Alikuwa beki wa Mazembe, kutoka Lubumbashi, mahali ambapo watu husema Kiswahili kama sisi. Alipoulizwa uzeeni alieleza kwamba sheria alizijua vizuri sana. Mchezo ukaisha matatu kwa bila. Kijana wetu wa bwenini sasa na aitazame tena picha ile, amtazame yule mtu usoni.

Tangu hapo Mobutu alipoteza hamu ya mpira. Timu iliporudi hakuna aliyewapokea kwa shangwe. Ndaye aliendelea na Vita Club. Alicheza miaka mingi bado, na watu wa Kinshasa waliendelea kumpenda, lakini fedha hakupata, wala nchi ya kumlipa hakuruhusiwa kwenda alipokuwa kijana. Mpira hauna pensheni. Sehemu hii ya maisha yake naipita upesi, kwani ndivyo maisha yenyewe yalivyompita.

Mwaka 1994 wakubwa wa mpira wa Afrika walimkumbuka. Walimwalika Tunisia, kwenye Kombe la Mataifa, wakamtunukia heshima kwa ajili ya rekodi yake. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia. Walidhani mtu mashuhuri aliyetoka Tunisia kupewa heshima hakosi kurudi na fedha nyingi. Hakuwa nazo. Walimpiga risasi mguuni. Kwa mtu yeyote mguu ni mguu, lakini kwa Ndaye mguu ndio uliokuwa kila kitu alichopata kuwa nacho. Kiongozi mmoja wa klabu alimchukua akamficha na kumwuguza kwa miezi minane.

Kisha ikaja vita ya mwaka 1996. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kusimuliwa vita hiyo. Watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti, wengine usiku bila taa, wakashuka katika fuko zetu hizi na vitu vichache vichwani; ndipo ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu. Nyumba nyingi za Katonga zina mtu aliyekuja kwa njia hiyo, na humu shuleni tuna watoto wa watu hao. Ndaye alipoteza mwanawe wa kwanza katika machafuko hayo. Yeye naye akawa mkimbizi, ila hakuja huku, alikwenda kusini. Alifika Johannesburg, kisha Cape Town, peke yake, bila kitu, akichechemea. Familia moja maskini katika mtaa wa watu weusi ilimpokea ikampa mahali pa kulala. Alipata riziki kwa kulinda magari ya watu yanapoegeshwa. Wenye magari walimpa sarafu wakaenda zao, wasijue wamempa nani.

Mwaka 1998 Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Burkina Faso. Habari zilikuwa zimefika kwamba Ndaye Mulamba amekufa katika ajali ya machimbo ya almasi huko Angola. Kwa hiyo kabla ya mchezo kuanza wachezaji na watazamaji walisimama kimya dakika nzima kumwombolezea.

Ndaye alikuwa hai Cape Town. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Bara zima liliweza kumpa dakika moja ya kimya alipodhaniwa amekufa, lakini hapakuwa na mtu wa kuuliza kwanza yuko wapi. Mtu aliyeadhibiwa kwa teke asilolipiga sasa aliombolezwa kwa kifo asichokufa.

Baadaye alipatikana. Waandishi walimtafuta, na filamu ikatengenezwa kuhusu maisha yake. Alikuwa ameoa mwanamke wa huko huko, na alikuwa akifundisha mpira timu ndogo ndogo za mitaani. Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilikuja Afrika kwa mara ya kwanza, tena likaja Afrika Kusini, na Cape Town ikajengewa uwanja mkubwa mpya. Mtu wa kwanza kupewa kadi nyekundu miongoni mwa Waafrika wa kusini ya Sahara waliofika Kombe la Dunia alikuwa anaishi katika mji huo huo, mkimbizi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa wa moyo na figo, na magoti yakamshinda, ikabidi asukumwe katika kiti cha magurudumu. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari, 2019, akiwa na umri wa miaka sabini.

Miezi mitano baada ya kufa kwake Kombe la Mataifa lilirudi Misri, na fainali ikachezwa Cairo, mji ule ule. Wanafunzi wengi wa madarasa ya juu wanayakumbuka mashindano hayo, kwani Tanzania nasi tulikuwamo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Tulicheza michezo mitatu tukafungwa yote mitatu, wala sikumsikia mtu yeyote wa bweni letu akilifanya jina la Tanzania kuwa neno la kuwazomea wenziwe. Aliyefunga mabao mengi kuliko wote alikuwa Odion Ighalo wa Nigeria. Alicheza michezo saba. Alifunga matano.

Yule kijana wa bwenini nimemsomea habari hizi kabla ya kuzipeleka kwa mhariri. Aliuliza maswali mawili. La kwanza ni kama Mwepu alipata kumwomba Ndaye msamaha, nami nikamwambia kwamba alikiri kosa lake mbele ya watu wote, na kwamba yeye naye amekwisha kufariki, mwaka 2015. La pili ni kama mchezo wetu wa marudiano utachezwa lini. Utachezwa muhula ujao, Jumamosi ya tatu, hapa hapa kwetu. Ameomba kujaribiwa katika nafasi ya beki.